Sigara ya Kuuza Moja Moja na Kazi ya Kaunti ya Mombasa

Maafisa wa kaunti wakitajwa tu kwamba watakagua wauza sigara, maneno ni yale yale kuanzia Mwembe Tayari hadi Kongowea: kanjo, yaani askari wa kaunti, wanatafuta chai, wanyonge wanaandamwa tena. Siwalaumu wanaosema hivyo. Aliyewahi kuona mkokoteni wa mchuuzi ukibebwa hana sababu ya kuamini kwamba safari hii nia ni njema. Hata hivyo, katika suala hili la watoto na sigara, naona upande wa ukaguzi haujasikizwa ipasavyo.

Kwamba sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18, wengi tunajua. Kinachosahaulika ni kwamba sheria hiyo hiyo inakataza kuuza sigara chini ya pakiti ya kumi. Sasa pita vibanda vya Majengo au Likoni. Pakiti iko wazi juu ya kopo la peremende, na pembeni kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba. Mwenye kununua pakiti nzima hahitaji kiberiti cha kamba.

Hapo ndipo mambo yote yalipo. Kijana aliyevaa sare ya shule ana nauli na hela ya maandazi mfukoni, basi. Bei ya pakiti haiwezi, ya sigara moja anaimudu kila siku. Anaivuta nyuma ya ukuta, anatafuna peremende ya mnanaa kutoka kopo lile lile, anaingia nyumbani. Mamake akipekua mkoba hatakuta kitu. Hata zile picha za kutisha zinazochapishwa kwenye pakiti hazimfikii, zinabaki na mwenye kibanda. Ndiyo maana nasema katazo la kuuza moja moja linawalinda watoto kuliko lile la umri: halihitaji muuzaji akisie miaka ya mtu wala afisa ajifiche nyuma ya kibanda kumvizia. Pakiti iliyofunguliwa ni ushahidi unaoonekana mchana kweupe.

Wauzaji nao wana hoja, tena nzito. Wateja wao wengi ni watu wazima wa kipato cha siku: makuli, watu wa mikokoteni, wa bodaboda. Wananunua sigara kama wanavyonunua mafuta ya kupima. Ukisema wadai kitambulisho, hapa Pwani wapo vijana waliovuka 18 ambao bado wanazungushwa kukipata. Na kuna mtoto anayekuja kusema “nimetumwa na baba”, na baba mwenyewe ni jirani wa mlango wa tatu. Mama wa kibanda akikataa, kesho hanunuliwi hata mkate. Hili la mwisho linanisumbua, maana kosa la kwanza liko nyumbani kwa baba, ila anayehukumiwa ni mwenye duka.

Lakini ugumu huo unadai ukaguzi wa busara, haudai ukaguzi uachwe. Kwanza, kazi hii wafanye maafisa wa afya ya umma, wale wanaofika dukani na daftari, wanaoonya kabla ya kushtaki. Askari wa kuruka kutoka kwenye gari wabaki huko huko. Pili, waanze na maduka ya jumla na yale yaliyo karibu na shule, wasianze na bibi mwenye meza ya njugu.

Tukumbuke pia muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alitangaza marufuku, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, kesi ikafika mahakama ya Embu na amri ikasimamishwa. Ule ulikuwa uamuzi wa kaunti dhidi ya zao linalotambuliwa na sheria za taifa. Kwenye sigara mambo ni kinyume: sheria ya taifa ipo tayari, Bunge lilishaipitisha, hakuna anayehitaji kutangaza lolote mbele ya kamera. Pengine ndiyo sababu haina mvuto.

Ushuru wa sigara unakwenda Nairobi kwa serikali ya taifa, hilo kweli. Wagonjwa wa kifua wanabaki kwenye zahanati zetu, ambazo kaunti ndiyo inaziendesha. Na leseni ya biashara ya lile duka lenye kiberiti cha kamba, inayotakiwa kulipiwa upya kila mwaka, inatolewa na kaunti hiyo hiyo.