Uacheni mwembe na majani yake

Hapa Lubumbashi parseli, yaani kiwanja cha nyumba, isiyofagiwa ni aibu. Alfajiri unasikia fagio kila upande, na chini ya mwembe ndipo zinapoparuza kwa bidii zaidi, mpaka udongo mwekundu unang'aa kama sakafu iliyopakwa nta. Kisha tunalalamika kwamba kivulini hapaoti kitu.

Nami nilikuwa hivyo. Nilipanda waridi pale, likarefuka likitafuta jua, lisitoe hata tumba moja. Ndipo yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliponiletea matunguu matatu ya ua jekundu kutoka porini upande wa Kipushi, kabla wachoma makala, yaani makaa, hawajapamaliza. Akaniambia, "Fukia, halafu usahau."

Kusahau ndiko kulikonishinda. Kuanzia Mei mpaka Septemba mvua hakuna, na mmea huu hulala chini ya ardhi, juu huoni kitu. Mimi nikauonea huruma, nikawa naumwagia maji kila jioni. Tunguu moja likaoza.

Yaliyobaki yalingoja mvua zao. Baada ya zile za kwanza, shina lilichomoza karibu bila jani, kichwani limebeba mpira mwekundu wa vijiua vyembamba. Mpira mmoja unaweza kuwa navyo hadi 200. Mmea huu wataalamu huuita *Scadoxus multiflorus*, na ni wa Afrika hii hii. Mpira wake haudumu sana, wiki moja au mbili. Baada ya hapo kazi ni ya majani: yanalisha tunguu msimu wote wa mvua, kwa hiyo anayeyakata kwa sababu ua limekwisha anajinyima ua la mwakani. Mbuzi na watoto wasiuguse, una sumu; kuna sehemu za Afrika walikopaka mishale kwa utomvu wake.

Jirani anasema majani makavu ya mwembe yanavuta nyoka. Simkatalii. Ndiyo maana nimeacha bila kufagia duara la mita mbili tu chini ya mwembe, mbali na mlango, na kwingine kote nafagia kama mtu mwingine. Ndani ya duara hilo majani yanaoza, udongo umekuwa laini, na matunguu yamezaa vitoto.

Novemba yaya alikuja, akahesabu mipira minne.

"Yale matatu yangu yote yapo?"

"Moja nililinywesha kiangazi, yaya."

Alicheka mpaka akaushika mwembe.