Sahani ya Jirani Hairudi Tupu

Mwaka jana nililala na homa siku tatu chumbani kwangu Kinondoni, ghorofa ya tatu, na hakuna aliyejua. Simu ilikuwa ubavuni. Salamu za asubuhi zenye picha za maua zilikuwa zinaingia kwenye makundi ya WhatsApp moja baada ya nyingine, nami nikizitazama tu. Siku ya nne nikashuka ngazi huku nimeshika ukuta, niende dukani kununua maji. Mwenye duka akaacha kupima mchele, akanitazama. "Kaka, mbona umekwisha hivyo? Ulikuwa unaumwa?" Akasubiri nimjibu. Nusura nilie mbele ya wateja.

Tangu siku hiyo nimewaza sana habari ya furaha. Ushauri umejaa mitandaoni: amka alfajiri, kunywa maji, fanya mazoezi, kila usiku andika kwenye daftari mambo unayoyashukuru. Sipingi hata moja. Kutembea kwa miguu jioni kumenisaidia, na kulala bila simu chini ya mto kumenisaidia zaidi. Lakini hayo yote mtu anaweza kuyafanya peke yake, mlango umefungwa. Imani yangu ni kwamba mazoea yanayoleta furaha ya kudumu ni yale yasiyowezekana bila mtu wa pili, na mengi tulilelewa nayo. Tulipohamia kwenye nyumba zenye mageti tukayaacha huko nyuma kama vyombo vya zamani.

Chukua sahani. Nimekulia Ngamiani, Tanga. Mama akipika vitumbua, vya kwanza hatukuvigusa. Vilipangwa kwenye sahani, vikafunikwa kawa, nami nikatumwa kwa jirani. Baada ya siku moja au mbili sahani ilirudi na kitu ndani: muhogo wa nazi, kipande cha mkate wa kumimina, tende ikiwa ni Ramadhani. Zamu ikiwa yetu kurudisha na nyumbani hakuna kitu, mama alikwenda uani akachuma ndimu mbili. "Sahani ya mtu hairudi tupu," alisema, na hakukuwa na mjadala. Wakati ule niliona ni usumbufu, maana mwenye kutumwa nilikuwa mimi na mpira nimeuacha uwanjani. Leo naona ule ulikuwa mpango wa kuishi. Safari ya sahani haikuwa na mwisho. Kila mara kuna nyumba inayodaiwa, na kwa hiyo kila mara kuna sababu ya kwenda kupiga hodi. Mzee asiyeonekana siku mbili alijulikana mapema, kwa kuwa kuna mtoto lazima atapita na sahani.

Nilipopona nikanunua maembe manne, nikayaweka kwenye sahani, nikashuka kwa mama wa ghorofa ya chini ambaye mwaka mzima tulikuwa tunapishana ngazini kama abiria. Pale mlangoni moyo ulikuwa unanidunda. Akafungua, akatazama maembe, akanitazama mimi. "Karibu, baba. Kumbe wewe ndiye unayekaa huko juu?" Tulizungumza dakika tano, nyingi zikiwa za kulalamikia maji kukatika. Jumamosi yake mlango wangu ukagongwa. Mjukuu wake, wa miaka saba hivi, ameshika sahani yangu kwa mikono miwili. "Shikamoo, anko. Bibi kasema sahani yako hii." Ndani kulikuwa na vitumbua sita vya moto, kingo zimekauka vizuri, vinanukia iliki. Nilivila nimesimama palepale jikoni.

Hata wanaofanya utafiti wamefika hapa kwa njia yao. Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilianza mwaka 1938 kuwafuatilia vijana, na kundi lililofuatiliwa likafikia wanaume 724, wengine wanafunzi wa chuo hicho, wengine watoto wa mitaa ya maskini ya Boston. Waliulizwa na kupimwa miaka hadi miaka, na baadaye wake zao na watoto wao wakaingizwa. Robert Waldinger, anayeuongoza utafiti huo, amekuwa akieleza jibu lake waziwazi: waliokuwa na uhusiano mzuri na watu wao ndio walioishi kwa furaha na afya zaidi. Mali na umaarufu havikufua dafu. Nako Vancouver, Canada, Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn waliwaomba baadhi ya wateja wa mgahawa wa kahawa wamtazame mhudumu, watabasamu, wazungumze naye kidogo. Wengine wakaombwa wanunue upesi waondoke. Matokeo yalichapishwa 2014: waliozungumza walitoka na furaha zaidi. Mazungumzo yenyewe ni ya kikombe kimoja tu!

Nikisoma hayo nawakumbuka wazee wa kijiwe cha kahawa. Saa kumi na moja jioni muuzaji anagonganisha vikombe, dele linafuka juu ya makaa, kashata ziko kwenye sinia. Mtu hafikii kukaa kabla hajasalimia wote na kuulizwa za nyumbani, za mgonjwa, za yule kijana aliyekwenda Mwanza. Sasa nami hupita pale mara tatu kwa wiki. Simu naiacha nyumbani makusudi, kwa sababu ikiwa mfukoni mkono huifuata wenyewe.

Na salamu nazo nazirudisha zilivyokuwa. "Mambo," "poa," kila mtu anapita; hiyo hainitoshi tena. Mlinzi wa getini namuuliza ameamkaje, kisha nasimama mpaka ajibu. Ndivyo nilivyojua kwamba mwanawe amefaulu kwenda kidato cha tano, na asubuhi ile tulicheka kama ndugu.

Sisemi vitumbua vitalipa kodi ya nyumba. Njaa ni njaa, na mwenye sonona anahitaji daktari, si kuambiwa achangamke. Tena wapo majirani wasiofungua mlango. Wa chumba cha mkabala nimemgongea mara mbili bila jibu. Nitamgongea tena Idi. Sahani ya bibi wa chini iko kwangu tangu juzi, ina maua ya buluu na ufa mdogo pembeni. Ndimu ninazo, lakini leo nataka nimpelekee samaki.