Kutafakari kwa Kibudha: unajijua, au unakuta hakuna wa kujulikana?

Tangu mtawa Mganda Bhante Buddharakkhita aanzishe Kituo cha Kibudha cha Uganda mwaka 2005 huko Garuga, karibu na Entebbe, kutafakari si jambo la kusikia kutoka Asia tu. Ila anayekwenda kutafuta "nafsi yake halisi" ajue kwamba Buddha alifundisha kinyume chake. Alimchambua mtu katika mafungu matano, yaani mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya moyo na ufahamu, akasema hakuna hata moja linalodumu hata uliite "mimi".

Faida ya fundisho hilo huonekana kwenye zoezi lenyewe. Kalia blanketi lililokunjwa, magoti yawe chini kuliko nyonga, mgongo wima. Dakika 15 zinatosha kuanzia. Fuata pumzi puani au tumboni bila kuivuta kwa nguvu, maana ukiilazimisha utapata kizunguzungu. Akili ikikimbilia karo ya watoto, sema kimoyomoyo "kuwaza", kisha urudi. Mguu ukiuma, usiusogeze mara moja. Angalia kwanza: maumivu ni kitu kimoja, kuyachukia ni kingine. Anayeziona hizo mbili zikiachana ameanza kujua hasira zake zinakotoka, na hilo naliona lina thamani kuliko jina lolote la nafsi. Ukisinzia, hasa baada ya kula, fumbua macho au simama.

Wanaopinga wana hoja nzito. Kwa aliyepitia vita vya kaskazini mwa Uganda, kimya kinaweza kufumua yaliyozikwa. Huyo asifungiwe kwenye mafungo ya kutafakari ya siku 10 za ukimya. Aanze kwa kutembea polepole, macho wazi, akisikiliza nyayo, na awe na mshauri anayeelewa kiwewe.

Halafu kuna imani. Kuangalia pumzi hakumlazimishi Mlokole wala Mwislamu kuacha dini yake, lakini kudai kwamba hakuna mgongano wowote si kweli: fundisho la kutokuwapo kwa nafsi ya kudumu haliafikiani na roho isiyokufa. Aambiwe mapema, achague mwenyewe.

Linalonisumbua zaidi ni wanaokimbilia ukimya kukwepa watu. Ukigundua chuki juu ya ndugu yako kwa sababu ya kibanja, umeiona tu. Mipaka bado haijapimwa, na wazee wa ukoo bado wanawasubiri nyote wawili.