Juisi za boksi zimetosha

Jamani, mama yangu katolewa uvimbe tumboni, hakufungua duka. Wiki ya pili hii tangu arudi nyumbani hapa Mwanakwerekwe, na juu ya kabati nimehesabu boksi 11 za juisi ya embe, makopo 4 ya glukosi na biskuti ambazo hata watoto wamezikinai. Mama ana sukari! Mtaa mzima unajua, maana ndio hao hao wanaomuuliza kila siku imeshuka au imepanda.

Juzi kaja wifi na sambusa za moto, akakaa kitako saa nzima akisimulia mtu aliyeshonwa, mshono ukaachia. Mgonjwa anaitikia kwa adabu huku kakumbatia mto tumboni, kwani akikohoa tu mshono unamvuta.

Aliyepatia ni bibi wa nyumba ya pili. Kaleta papai bivu, maana baadhi ya dawa za maumivu zinafunga choo, na kujikamua una mshono ni mateso. Kaleta na dera pana lisilobana kiuno. Kisha akapita uani, akafua shuka, akaanika, akaaga. Lile dera mama kalivaa siku tatu, tukambembeleza alivue lifuliwe.

Wala si lazima kununua. Nauli ya bajaji ya kwendea kubadilisha bandeji ni zawadi tosha. Au piga simu uulize, simu si mnazo?

Hodi hiyo mlangoni. Naona pembe ya boksi inatoka mfukoni. Embe tena.