Krosmemba tupu ndiyo ya kuogopa

Ukifufua pikapu ya zamani, ipo siku utalala chini ya gari na grinda mkononi, macho yako kwenye krosmemba (chuma cha kukingama kinachounganisha mihimili miwili mirefu ya chesisi) inayokuzuia kupitisha gia boksi mpya au bomba la egzosi. Haijashika kitu, kwa hiyo inaonekana haina kazi. Wengi huikata hapo hapo, na mimi napinga jambo hilo kwa nguvu zote. Kwenye chesisi yenye umbo la ngazi, krosmemba iliyo tupu ndiyo ya kuogopa kuliko zote. Ile iliyojaa brakati (vishikizo vya kufungia vitu) ndiyo mara nyingi inayoweza kutoka.

Angalia mihimili miwili mirefu ya chesisi. Kwenye pikapu nyingi za zamani ni chuma kilichokunjwa umbo la herufi C. Kinabeba mzigo vizuri sana, ila ukikisokota kinakubali bila ubishi. Sasa, springi za majani zikiwa zimefungwa upande wa nje wa mhimili, kila gurudumu likiingia shimoni zinauzungusha mhimili huo. Ndiyo maana karibu na maunti (vishikio) za springi utakuta krosmemba kavu, imepigwa ribiti juu na chini, haina hata waya. Inazuia msokoto huo, na inazuia mhimili mmoja usitangulie mwenzake. Ukiitoa, gari litatembea tu. Baadaye milango itaanza kugoma kufunga na bodi itapiga kelele, na hakuna atakayekumbuka kile kipande cha chuma kilichotupwa.

Kwa hiyo swali langu huwa moja: hii ilikuwa inafanya kazi gani, na kazi hiyo sasa inafanywa na nani?

Chukua Chevrolet za nusu tani za 1947 hadi 1954. Propela shafti yake ilifungiwa ndani ya bomba, injini ilishikwa kwenye nyumba ya klachi (ganda linalofunika klachi), na master silinda ya breki ilikaa chini ya sakafu. Ukiweka injini ya kisasa yenye maunti zake pembeni, gia boksi inayoshikwa mkiani, propela iliyo wazi na master silinda ukutani mbele ya dereva, krosmemba ya nyumba ya klachi imepoteza karibu kazi zake zote. Itoe. Lakini bado ilikuwa inaunganisha mihimili katikati ya gari, kwa hiyo krosmemba mpya ya gia boksi iwe imara kweli, ishike mhimili kwa upana wa kutosha, isiwe kipande chembamba cha bati.

Pikapu za Chevrolet C10 za 1963 hadi 1972 zenye springi za koili nyuma ni habari nyingine. Ile krosmemba kubwa ya katikati inaudhi, nakubali, hasa ukishusha gari. Ila mikono mirefu inayoshika ekseli ya nyuma imefungwa pale, na nguvu yote ya kusukuma gari inapita hapo. Usiiguse kabla hujawa na nyingine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Ya tairi la spea, huko nyuma, sina ugomvi nayo. Anayehamisha tangi la mafuta kutoka nyuma ya kiti cha kebini kwenda kati ya mihimili anahitaji nafasi ile, na kuhama huko nakuunga mkono kabisa. Hakikisha tu mkia wa chesisi umebaki na kiungo.

Kuhusu kutoa, gesi ya kukatia iache mbali. Joto linaharibu chuma cha mhimili na kukipinda. Saga kichwa cha ribiti, tia alama katikati, toboa kwa drili, kisha ligonge kwa punchi litoke. Kabla ya yote, weka chesisi sawa juu ya stendi nne, pima mshalale kwa mshalale (kutoka kona moja hadi kona ya mkabala) na uandike vipimo. Kama eneo litabaki wazi kwa muda, funga chuma cha kushikilia kwa bolti. Badala ya ribiti tumia bolti za daraja la 10.9 (za chuma chenye nguvu kubwa) zinazoingia kwenye tundu kwa kubana, maana tundu lililolegea linairuhusu krosmemba icheze. Kisha pima mshalale tena kabla ya kukaza kabisa, na mara nyingine injini na kebini zikishakaa juu yake.