Filamu ya mpira wa Lubumbashi: mchango uombwe kabla ya kamera, au baada?

Mwaka 2011 Mbwana Samatta alitoka Simba ya Dar es Salaam akaja Lubumbashi kuvaa jezi ya TP Mazembe. Miaka kumi baadaye msafara ulikuwa umegeuka. Fiston Mayele na Djuma Shabani walitoka AS Vita ya Kinshasa kwenda Yanga mwaka 2021, na mwaka 2023 Maxi Nzengeli wa Maniema Union akawafuata, huku Jean Baleke wa Mazembe akienda Simba kwa mkopo. Vijana wa Katuba na Ruashi hapa Lubumbashi sasa wanawatazama wachezaji waliotoka Linafoot, ligi kuu ya Kongo, kwenye televisheni, wakifunga mabao kwa ajili ya Watanzania.

Kwamba hiyo ni hadithi ya kutengenezea filamu ya hali halisi, hakuna anayebisha. Ubishi unaanza pale inapoulizwa nani atoe makuta (pesa), na siku hizi jibu la haraka ni moja: tuwachangishe watu.

Hoja ya wanaotaka mchango ina uzito, hasa katika mji huu. Moïse Katumbi anaongoza Mazembe tangu 1997. Alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, na mwaka 2023 aligombea urais wa nchi. Jacques Kyabula alishika uongozi wa Saint-Éloi Lupopo akiwa gavana wa Haut-Katanga. Klabu zote mbili zilizaliwa mwaka 1939, na zote mbili zimepita mikononi mwa watu wa siasa. Chukua dola 5,000 za upande mmoja, na nusu ya mji haitaitazama filamu yako hata ukiwaonyesha bure. Dola tano za muuza makaa wa soko la mtaa wa Kenya, hapa mjini, hazina chama. Zaidi ya hapo, aliyechangia atakuja kuangalia alichochangia, kwa hiyo filamu inakuwa na watazamaji kabla haijawa na picha.

Lakini tupige hesabu. Tuseme ni filamu ya dakika 52, urefu ambao televisheni nyingi za Kifaransa hununua. Siku 25 za kupiga picha kwa dola 120 kwa siku (watu watatu, usafiri, chakula, mafuta ya jenereta) ni dola 3,000. Mhariri wa miezi mitatu, 900 kwa mwezi, ni 2,700. Usafishaji wa sauti na rangi 1,500, tafsiri na maandishi ya chini ya picha 800, diski 400, haki za picha za zamani 2,000, na 1,600 za dharura. Jumla 12,000, na hapo mtayarishaji mwenyewe hajajilipa hata franga. Kama kila mtu atatoa dola tano, wanahitajika watu 2,400. Uwanja wa Mazembe pale Kamalondo unabeba kama watu 18,500. Yaani uwanja ukijaa, watu 13 katika kila 100 watoe dola tano kwa kitu ambacho bado hakipo. Atakayesema ni rahisi ajaribu kwanza kuchangisha jezi za timu ya mtaa.

Halafu kuna mfereji wa kupitishia pesa. Kickstarter haipokei miradi ya mtu anayeishi Kongo. Orodha yake ya nchi haina hata moja ya Afrika. Tena pale ni yote au hakuna: usipofikia lengo, hupati kitu, na ukilifikia wanakata asilimia 5, mbali na gharama za malipo. Ndipo watu wanapomtafuta ndugu wa Bruxelles afungue ukurasa kwa jina lake na akaunti yake. Hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Kwenye karatasi pesa ni za yule ndugu, anaweza kuulizwa habari za kodi kwa ajili yake, na wachangiaji hawamjui. Mkifuata njia hiyo, andikeni mkataba wa kurasa mbili kabla ukurasa haujafunguliwa: pesa zinatumwa lini, kwa awamu ngapi, na nani anabeba gharama ya kutuma.

Hapa nyumbani kuna M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na mtu anaweza kuwa na akaunti ya dola na ya franga kwenye simu moja. Kosa la kawaida ni kutumia namba ya mtu binafsi. Baada ya wiki mbili, mchango wa filamu umechanganyika na pesa za sabuni na karo, na hakuna awezaye kuzitenganisha. Nunueni namba mpya ya kazi hiyo tu. Dola na franga kila moja ibaki kwenye akaunti yake, na kila franga iliyoingia iandikwe na thamani yake kwa dola siku hiyohiyo, maana franga za Machi hazinunui diski ileile mwezi wa Agosti.

Mfano bora wa uwazi tunao, na hautoki kwenye intaneti. Ni daftari la kilio, lile la michango ya msiba. Jina, kiasi, aina ya pesa, tarehe. Mtu anaandika mbele za watu, na mwisho hesabu inasomwa kwa sauti. Hakuna anayeona aibu kuuliza pale, na anayeuliza haonekani adui. Kampeni nyingi za filamu zinaanguka kwa kukosa ukurasa kama huo. Likija swali la «makuta ilienda wapi?», jibu linakuwa picha ya kamera mpya.

Sasa upande ambao wapenda mchango hawausemi. Umati nao ni tajiri anayedhamini, na tajiri ana matakwa. Mshabiki wa kunguru wa Kamalondo, yaani Mazembe, aliyetoa dola kumi hakutoa ili asikie Lupopo ikisifiwa, wala ili aone mishahara iliyochelewa ya klabu yake. Atakuandikia, na atakuandikia mara nyingi. Ubaya mkubwa zaidi ni huu: tangazo la mchango ni barua ya onyo. Ukiandika hadharani kwamba filamu itachunguza nani anaharibu ligi, umemjulisha kila kiongozi wa klabu na wa shirikisho kabla hujamwomba mahojiano. Kibali cha kuingia na kamera uwanjani kinatoka kwao. Mlango hautafungwa kwa kelele. Utaambiwa tu «rudi wiki ijayo», wiki saba mfululizo.

Kriketi ina funzo hapa, ingawa Lubumbashi hatuichezi. Mechi ya Test huchukua hadi siku tano, imechezwa tangu 1877, na sasa inasongwa na T20 inayokwisha jioni moja na kuleta pesa nyingi, hasa tangu ligi ya India ilipoanza mwaka 2008. Februari 2024 Afrika Kusini ilipeleka New Zealand kikosi dhaifu cha Test, kikiwa na nahodha ambaye hakuwahi kucheza Test hata moja, kwa sababu wachezaji wake wakubwa walikuwa wamebanwa na ligi ya T20 ya nyumbani. Waandishi wawili, Sam Collins na Jarrod Kimber, waliwahi kuanza filamu juu ya mustakabali wa mchezo huo. Kufikia ilipotoka mwaka 2015, imekuwa filamu juu ya uongozi: jinsi India, Uingereza na Australia zilivyojiwekea madaraka na mapato makubwa zaidi ndani ya baraza la kriketi la dunia mwaka 2014. Filamu ya kweli hubadilika njiani. Mchango unaoombwa mwanzoni unakulazimisha kuahidi hadithi ambayo hujaikuta bado, na siku ikibadilika utakuwa na watu 2,400 wa kuwaeleza.

Ndiyo maana tunaona mchango uje baada ya kupiga picha, kwa ajili ya uhariri. Huko ndiko filamu nyingi hufia, wala si uwanjani. Kamera ya 4K inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inajaza gigabaiti 45 kwa saa; saa 60 za picha ni terabaiti 2.7, na nakala mbili ni 5.4. Kuran (umeme) ikikatika katikati ya kunakili, faili la mwisho huonekana lipo lakini halifunguki, kwa hiyo linganisha idadi na ukubwa wa mafaili kabla ya kufuta kadi. Mahojiano ya saa moja, yenye Kiswahili cha hapa, Kifaransa na Lingala mdomo mmoja, huhitaji saa tano au sita za kuyaandika. Na haki: fainali ya Kombe la Dunia la Klabu ya Abu Dhabi ya 2010, Mazembe na Inter, au nusu fainali yake, kipa Kidiaba akirukaruka kwa makalio kwenye nyasi, haichukuliwi YouTube hivihivi. Picha hizo ni mali ya FIFA, na televisheni itaomba karatasi kabla ya kununua.

Mwenye saa 60 mkononi anaweza kuonyesha dakika tatu za kweli, anajua hadithi yake, na milango aliyoihitaji ameshaipita. Anaomba dola 5,000 za mhariri, sauti na rangi, na tafsiri, siyo 12,000. Zawadi aziweke nyepesi: jina mwishoni mwa filamu na kiti siku ya kwanza ya kuonyeshwa. Tisheti ya dola tano kwa mchango wa dola kumi imekula nusu ya mchango.

Pingamizi lipo, na ni la haki. Nani atalipa zile siku 25 za kwanza? Mwenye kamera yake, au mwenye mshahara mahali pengine. Kijana wa Kampemba mwenye jicho zuri na simu tu anabaki nje, na mpango huu haumsaidii. Kwake tungekubali mchango mdogo wa mapema, dola 600 za siku tano, usiotaja ligi wala viongozi: mchezaji mmoja, mama yake, na basi la kwenda Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, alfajiri.