Bima ianze kabla lango halijafunguliwa

Juzi harusini, mzee mmoja wa meza yetu aliuliza kwa sauti ya mtu anayetafuta makofi: "Mimi nakatwa bima kila mshahara, halafu mwizi akitoka jela apewe ya bure?" Makofi akayapata. Nikainamia sahani yangu, maana sherehe ya watu haiharibiwi. Leo nipo kwangu, nitajibu.

Kwanza, huyo "mwizi". Jela za kaunti hapa Marekani zimejaa watu ambao hawajahukumiwa. Wengi wamekosa tu pesa ya dhamana. Nao pia Medicaid, bima ya serikali kwa maskini, haiwalipii wakiwa ndani. Kesi ikifutwa, mtu anarudi nyumbani hana hatia, na bima hana.

Sheria ya 1965 iliyoanzisha Medicaid ndiyo iliyokataza kumlipia matibabu aliye kifungoni, isipokuwa akilazwa hospitali ya nje. Haya, gereza limtibu basi. Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 1976, katika kesi ya Estelle dhidi ya Gamble, kwamba kupuuza kwa makusudi maradhi makubwa ya mfungwa ni ukatili unaokatazwa na katiba. Kwa hiyo akiwa ndani ana haki ya daktari. Akitoka, haki hiyo anaiacha getini pamoja na sare.

Na Medicaid aliyokuwa nayo zamani? Kwa miaka mingi majimbo mengi yaliifuta kabisa badala ya kuisimamisha tu. Anaanza upya: fomu, kitambulisho kilichokwisha muda, anwani (wiki hii analala kwa binamu), namba ya simu (simu ipi?). Kisha ofisi ina hadi siku 45 za kumjibu. Siku 45, jamani!

Mwaka 2007 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu zaidi ya 30,000 waliotoka magereza ya jimbo la Washington. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya wakazi wengine. Kwa kuzidisha dawa za kulevya peke yake, mara 129. Mwili uliokaa miaka bila heroini haukihimili tena kipimo cha zamani. Mtu anarudia alichokizoea, hainuki. Methadoni na buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa heroini, zipo, zinaokoa watu, lakini zinataka daktari leo na kesho, na daktari anataka bima. Hesabu mwenyewe: hatari ni siku 14, majibu ni siku 45. Mtu anazikwa, barua ya kumkubali iko posta. Tena hapo sijamgusa mwenye kisukari aliyetoka na insulini ya siku chache, wala mwenye VVU.

Tiba ya upuuzi huu imeshapatikana. Januari 2023 California ilikuwa jimbo la kwanza kupewa idhini ya kulipia huduma fulani kwa Medicaid hadi siku 90 kabla ya mtu kuachiliwa, na mengine yakafuata. Ila majimbo kumi, Texas na Florida yakiwemo, hayajapanua Medicaid iwafikie watu wazima maskini kwa jumla. Katika mengi ya hayo, maskini asiye na mtoto anatoka bila cha kuombea.

Nakubali, shingo upande, kwamba bima ya mzee wangu ni ghali na inaudhi. Lakini asidhani halipi tayari. Tangu 1986 chumba cha dharura hakiruhusiwi kumfukuza mgonjwa mahututi kwa kukosa pesa, na bili isiyolipwa haiyeyuki, inatafuta mifuko mingine. Kifua kikuu nacho hakimuulizi mtu rekodi yake polisi.

Kama una ndugu anayetoka mwezi ujao, nguo za kumpelekea zitapatikana tu. Piga simu gerezani sasa uulize kama ombi lake la Medicaid limeshatumwa, ni dawa za siku ngapi atakazotoka nazo, na nani atamwandikia zinazofuata.